Leonard Mwaipopo na Karatasi Mbili

Marehemu Leonard Mwaipopo alizaliwa Tukuyu tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Asegelile na Mama Tupokigwe. Alisoma shule hukohuko, kisha ufundi mkoani Iringa, ambako alitolewa darasani kwa kumsahihisha mwalimu. Hakuomba radhi, maana hesabu ya mwalimu ilikuwa mbovu.

Alifunga ndoa na Gaudensia mwaka 1986. Mwaka 1989 walihamia London, na kwa miaka thelathini na mmoja alifufua magari ya kale katika karakana ya Wembley, mali ya Bwana James, mtu wa ovaroli iliyopigwa pasi, asiyejua spana inashikwa upande gani.

Mwaka 2018 lilikuja gari la pistoni sita, lililoundwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, likawashinda wote kwa kutetemeka. Leonard alichonga gurudumu dogo lenye sahani zinazosuguana ndani ya oili, akalifunga mbele ya krenkshafti, ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni. Injini ikanguruma, naye akaweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni juu ya boneti. Halikumwagika hata tone.

Bwana James akakimbilia ofisi ya hataza kujiandikisha mvumbuzi, akamletea Leonard karatasi ya kukiri kwamba yeye hakubuni chochote. Leonard akasaini.

“Baba Vaileth, umempa jasho lako hivihivi?” mkewe alilia.

“Mama Vaileth, kile kitu nilikisoma maktaba. Wenyewe waliokibuni walikigombania zaidi ya miaka mia iliyopita. Nilimwambia, hasikii. Mwache.”

Maombi yalikataliwa, na wenye magari wakamcheka. Ndipo mtu mzima yule, bila haya, akaja na karatasi ya pili: sasa mbunifu ni Leonard, na tapeli aliyemdanganya bosi wake ni Leonard. Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alitaka mwenzake ale peke yake. Asaini, au kazi basi.

“Ya kweli nilishasaini,” Leonard alimjibu. Akakusanya spana zake, akapanda basi kurudi nyumbani kwake Harrow. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Alianza kuugua figo mwaka 2022. Kutoka karakana haikuja hata simu. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Gaudensia amemshika mkono. Tunawashukuru wauguzi.

Ameacha mjane, watoto wawili, Vaileth na Ian, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake, Evans.

Juzi Bwana James alituma shada la maua, pamoja na ombi kwamba wasifu huu useme marehemu alikiri kosa. Ombi tumelisoma. Kosa hatukuliona. Shada liko nje ya lango, mwenyewe akipita alichukue. Kaka yetu analala na jina lake. Mungu amlaze pema.