Mtoto Aliyekufa Kabla ya Siku ya Tatu

Akina mama wenzangu, kaeni chini. Nitasema Kiswahili kwa ajili ya wageni wetu wa kutoka mjini, na Kiswahili changu ni cha sokoni, mnivumilie. Nimeombwa nishuhudie vile Mungu alivyoniinua. Nitashuhudia. Lakini sikutembea kwa miguu kutoka Kasikeu mpaka hapa Matiliku nije kuwadanganya. Bado nina hasira.

Desturi yetu mnaijua. Mtoto akizaliwa, siku ya tatu wanawake wa boma wanakuja, uji unapikwa, anapewa jina. Kabla ya hapo hajawa mtu, bado ni wa mizimu. Tulipookoka tukahubiriwa tuache mambo ya kale. Tukaacha ngoma, pombe na hirizi. Mimi hata shanga za mama yangu nilizitupa, na zilikuwa nzuri.

Msichana wangu wa kwanza alizaliwa mume wangu akiwa kazini Mombasa. Alinyonya vizuri. Alilia kwa nguvu mpaka mama mkwe akacheka, akasema huyu atakuwa mkali. Siku ya pili, adhuhuri, akakataa ziwa. Ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni, akafa mikononi mwangu.

Wanawake wakamchukua wakamzika. Mimi nilikatazwa kwenda, nikakatazwa hata kuuliza ni wapi. Nikasema basi, kanisa litakuja. Ndugu zangu, nawaambia, ningengoja mpaka leo. Mwalimu wa kanisa alikuja siku ya nne, akasimama mlangoni. Akasema mtoto hakubatizwa na hana jina, kwa hivyo hakuna ibada. Akasema nisilie sana, Mungu ana mpango wake, nitapata mwingine. Hebu fikirieni. Mambo ya kale yote yalikuwa giza, isipokuwa hili moja, kwamba mtoto asiye na jina si mtu. Hili waliingia nalo kanisani.

Haikuishia hapo. Wakati ule tulikuwa tunachimba matuta ya serikali ya kuzuia mvua isichukue udongo, kazi ya lazima, na mama mwenye mtoto mchanga alisamehewa. Nyapara akaniletea ujumbe: huyo hana mtoto, aje na jembe. Nikaenda. Kila nikiinua jembe maziwa yananitoka, nguo ikalowa kifuani mbele ya wanaume. Wanawake wenzangu wakainamia majembe yao. Siku hiyo nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, watoto wanasikia. Nikaacha kanisa miaka miwili. Nikimwona mama amebeba mtoto mgongoni, nazunguka kwa njia ya mtoni nisimsalimie.

Ikafika Jumapili ya kukumbuka marehemu. Mume wangu alikuwa nyumbani kwa likizo, akaniomba twende. Mama mkwe akasema na yeye atakuja. Tulishangaa, kwa maana hakuwa ameokoka, alikuwa mtu wa ugoro wake, na kanisani hakuwa ameingia hata siku moja.

Mwalimu akasoma majina ya waliotutangulia. Alipofunga daftari nikasimama, nikamwuliza wa kwangu yuko wapi. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi kabisa.

"Dada, yule hakuwa na jina."

Ndipo mama mkwe akasimama. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kila mtu analijua hilo.

"Jina analo," akasema. "Anaitwa Ndunge, kama mimi. Nilimpa siku ya kwanza nikimsikia akilia, na mimi ndiye niliyemzika. Andika."

Mwalimu akatafuta kalamu, akaitafuta sana, mwishowe akaandika. Nikalia kwa sauti, kilio cha miaka miwili. Wale wanawake walionyamaza matutani wakaja wakakaa sakafuni na mimi. Mmoja akaniambia sikioni kwamba yeye anao wawili waliozikwa hivyo hivyo. Mwingine watatu.

Wiki hiyo mama mkwe alinipeleka alipomzika. Nikamwuliza, kwa ukali, kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akasema aliambiwa na wazee kwamba akilitaja lile jina tumbo langu litafungwa, nisizae tena, akaogopa. Hasira yangu kwake ikaishia pale. Tukaomba, yeye kwa namna yake, mimi kwa yangu.

Namshukuru bibi huyo, ambaye sasa hata kutembea hawezi. Nawashukuru wanawake wa kwetu. Siku hizi mtoto akifa, hata kama aliishi saa moja, wanakwenda kukaa na mama yake, wanamtekea maji, wanachimba sehemu yake ya matuta. Hata mwalimu namshukuru, maana sasa anakuja siku ile ile, na anaingia ndani. Na Mungu namshukuru. Nilimfokea miaka miwili, hakunifukuza.

Lakini ninyi mnaopenda kusema "utapata mwingine," acheni. Nilipata wengine wanne, na hakuna hata mmoja aliye yeye. Mkienda kwa mama aliyefiwa, mwulizeni mtoto aliitwa nani. Akisema hakupewa jina, msiondoke mpaka apewe.