Minazi ya Baba na Cheti cha Ndege ya Jeti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu kushuhudia jinsi tulivyoponea chupuchupu.

Mwanijua. Mimi ni Kadzo, kifungua mimba wa nyumba yetu. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano, nikawalea wadogo zangu watatu kwa minazi aliyotuachia baba hapa Kilifi. Tulikula nazi zake, nyingine tukazikausha tukauza mbata, na makuti nikayasuka mpaka vidole vikaota sugu. Mdogo wangu Kazungu akatokea kuwa na kichwa chepesi. Mfadhili akamsomesha urubani wa ndege ndogo, akapata leseni. Ndugu zangu, nilivimba! Sokoni waliniita "Dada Rubani," nami niliitika kwa sauti.

Lakini Kazungu alikaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Kisha akaja na habari za wakala mmoja wa Nairobi: akienda ng'ambo kwa mafunzo ya ziada ya ndege za jeti, mashirika makubwa yatamgombania. Gharama yake ilikuwa minazi yote. Yote! Wadogo zetu wawili wa kike wangekula nini, sikujiuliza. Niliwaomba ninyi mfunge pamoja nami ili mnunuzi apatikane. Mkafunga, akapatikana. Akaja kuitia minazi alama za rangi nyekundu, tukapatana tuandikiane Jumatatu.

Ijumaa nilipeleka makuti kwenye uwanja wa ndege wa Malindi, walikokuwa wakiezeka banda la abiria. Kijana mwenye shati jeupe la rubani alikuwa akipima abiria na mabegi yao, maana ndege ndogo haitaki uzito wa kubahatisha.

"Haya dada, panda mizani," akaniambia.

"Mimi sipandi ndege, kaka. Nimeleta makuti."

"Basi yapande hayo makuti!"

Tukacheka. Nami kwa majivuno nikamwambia kwamba mdogo wangu ni rubani, na karibu ataenda kusomea jeti. Kicheko kikamkauka.

"Dada," akasema taratibu, "cheti hicho mimi ninacho."

Nilipigwa na butwaa. Anacho, naye anapima mabegi? Akaniambia jina lake ni Ruwa, mtu wa Rabai. Wazee wake waliuza ng'ombe wote ili asomee jeti. Aliporudi, shirika aliloliomba kazi halikujali cheti. Lilimuuliza amerusha ndege kwa saa ngapi, na saa zake zilikuwa chache mno. Sikumbuki nilirudije nyumbani.

Kazungu aliposikia aliwaka. "Dada, wewe uliishia darasa la tano. Mambo ya jeti umeyajulia wapi? Kwenye makuti?"

Neno lile lilinichoma, lakini nilikaza moyo. Nikamwambia, "Kweli sijui. Ndiyo maana kesho twende ukamuulize anayejua. Akisema nimekosea, Jumatatu naandika."

Tukaenda. Ruwa akatoa cheti chake, Kazungu akakigeuzageuza. Kilikuwa kilekile alichokitamani!

"Kwa hiyo mafunzo ni ya uongo?" akauliza.

"Si ya uongo. Nilifundishwa vizuri, ndani ya mashine inayoigiza ndege. Lakini shirika likikutaka, litakufundisha lenyewe kwa ndege zake. Mafunzo haya yatamfaa aliyekwisha kuitwa kazini. Mimi na wewe tulihitaji kuruka kwanza."

"Na wazee wako?"

"Baba hasemi nami. Mwaka wa tatu huu."

Kazungu akaketi chini kati ya mabegi ya watalii, akalia. Ndugu zangu, huyu hakulia hata siku tulipomzika mama!

Jumatatu nilimwambia mnunuzi kwamba siuzi. Alinitukana, akaenda zake. Kazungu alirudi uwanjani kuomba kazi yoyote. Akaosha ndege, akapakia mizigo, na baada ya miezi mingi akapewa kurusha ndege ndogo ya kupeleka watalii Lamu. Anakusanya saa zake. Shirika kubwa halijamwita, wala sitawadanganya kwamba litamwita.

Kinachonitisha mpaka leo ni maombi yangu mwenyewe! Nilimwomba Mungu mnunuzi. Ushauri sikumwomba hata siku moja. Nilitaka mimi niliyeacha shule niheshimiwe kwa cheti cha mdogo wangu, na kwa heshima hiyo ningewaacha wasichana wale bila chakula. Bwana akanizuia kwa kinywa cha mtu aliyeshika mizani. Asante, Yesu!

Nawasihi mumkumbuke Ruwa katika sala, baba yake apate kumfungulia mlango. Na wewe uliye na jambo kubwa la kuamua wiki hii, njoo tupige magoti pamoja. Mtumaini Bwana, hatakutupa. Lakini uje ukiwa tayari kuambiwa hapana. Mimi niliambiwa, na hapana ile ndiyo iliyotuokoa.