Ya Kambini Hayatoki

Kwenye treni ya asubuhi, msusi aliyekaa mbele yangu alimwonyesha jirani yake, fundi cherehani, picha kwenye simu: wanaume watu wazima wamekumbatiana kando ya moto.

"Mume wangu anakwenda Ijumaa, kwenye hiyo kambi ya wanaume ya kujijenga. Wako alishakwenda, dada. Nimfungashie nini?"

"Blanketi. Wanalia wamelala kwenye nyasi."

Msusi akacheka. Nami ningecheka, ila fundi alikuwa hacheki.

"Wangu alirudi mtulivu kama maji ya mtungi. Namwambia bomba linavuja, anafumba macho, anavuta pumzi, ananiambia, 'Nakusikia.' Bomba linaendelea kuvuja."

"Afadhali wako anasikia!"

"Mdogo wangu, sisi tulizika mtoto. Mwaka wa tatu huu, mume wangu hajamtaja hata siku moja. Juzi mke wa mwenzake wa kambini, ambaye mumewe hana kifua cha kutunza siri, akanipa pole dukani. Eti wangu kule kambini alimlilia mwanetu mpaka wakamshika. Akawaimbia na wimbo aliokuwa akimbembelezea. Mimi nilidhani ameusahau."

Nikageukia dirishani kama mtu anayependa sana kutazama nguzo za umeme.

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema ya kambini hayatoki kambini."

"Ungemwambia na wewe unataka kumlilia, mlie pamoja."

Treni ikasimama. Fundi akabeba mfuko wake wa vitambaa.

"Nilimwambia. Akafumba macho, akavuta pumzi, akasema, 'Nakusikia.'"