Herufi Alizonyweshwa Binti Yangu

Assalamu alaykum. Na nyie wenzetu wa kanisani, habari za asubuhi. Sogeeni mbele, kina mama, msibanane mlangoni kama mnadaiwa! Nimeombwa niseme kwenye mkutano huu wa wazazi, na mnanijua, nikipewa nafasi ya kusema nasema mpaka mnichoke. Lakini leo sikuja kuhubiri. Leo nimekuja kujisema mwenyewe.

Kwa asiyenijua, mie ni mwalimu wa chuo hapahapa Quionga. Watoto wenu wengi wamesomea Kurani mkekani kwangu. Msiangalie chini, najua mnachokiwaza. Ndiyo, mwalimu wa fimbo ndiye mie. Huo ukali nilikuwa najivunia, nawaambia wazazi, "Kwangu hatoki mtoto asiyejua kusoma." Mola anisamehe, maana alikuwepo mmoja, tena ndani ya nyumba yangu.

Ni binti yangu. Jina lake silitaji. Ana miaka kumi na moja, na tangu mdogo ana akili za ajabu. Umtume dukani vitu saba, analeta saba. Chuoni mie natangulia kusoma, watoto wanafuatisha, kisha wanasoma mmojammoja kwa zamu, kila mmoja na msahafu wake na kijiti cha kuonyeshea mstari. Kijiti chake kilikuwa kinatembea sawasawa na sauti, hakitangulii, hakichelewi. Nikawa nawaambia wengine, "Mwangalieni mwenzenu!" Akamaliza juzuu tano, nikasema hapa lazima tufanye sherehe.

Tukaifanya. Wali wa nazi ukapikwa, kuku wakachinjwa, shangazi yake akatoka Diaca, na nikamwalika mwalimu mmoja mzee kutoka Mocímboa aje amsikilize. Yule mzee akafungua msahafu katikati ya juzuu zile tano, akaweka kidole kwenye mstari. "Mwanangu, anzia hapa."

Mtoto kimya.

Nikadhani ni haya. Mzee akarudia, "Anzia hapa, usiogope." Binti akaanza, kwa sauti nzuri kweli, kina mama wakapiga vigelegele. Lakini ndugu zangu, nawaambia, aliyokuwa anayasoma hayakuwepo kwenye ukurasa ule! Ilikuwa sura nyingine kabisa. Mgeni akanitazama, nami sikujua niweke wapi uso wangu. Akafungua pengine. Mtoto kimya tena. Ndipo mzee akainama, akamnong'oneza maneno mawili ya mwanzo, na wee! Akatiririka ukurasa mzima, hakukosea popote, na macho kayafumba.

Lahaula! Miaka mitano mtoto huyu anakaa mbele yangu, na hajawahi kusoma hata mstari. Alikuwa ananisikiliza tu, anashika. Mie nikaona nimedanganywa, nimeaibishwa mbele ya mgeni. Wageni walipotawanyika nilimpiga. Siwafichi. Nilimpiga mpaka mama yake akaja akasimama katikati yetu.

Kisha nikasema ana shetani anayemfunga. Nikaanza kumwandikia kombe. Kila asubuhi naandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, naosha kwa maji ya marashi, anakunywa. Sisemi kombe ni baya, jamani, msije mkanishitaki kwa masheikh. Nasema nilikuwa natibu kitu ambacho sijakiuliza jina.

Katikati ya hayo akaniita profesora wake wa shule ya serikali. Ni mama wa Kimakonde, katokea huko Mueda, na ni Mkristo. Akaniambia binti yangu yuko klasi ya tano na hawezi kusoma sentensi moja ya Kireno, lakini akisomewa anajibu kuwashinda wenzake wote. Nikamwambia ni vita hivyo, mtoto alikaa muda mrefu bila shule tulipokimbia. Si ndivyo tunavyosema wote siku hizi? Kila kitu tunakisingizia kukimbia. Akasema, "Hapana, mwalimu. Wenzake nao walikimbia. Nadhani mwanao ana dislexia." Nikamwuliza huyo ni mdudu gani. Akataka kunieleza, sikumpa nafasi. "Mama, wewe fundisha Kireno chako. Mtoto wangu niachie mwenyewe." Nikanyanyuka, nikaondoka, na kuaga sikuaga.

Nikaamua. Anaacha shule, anakwenda Diaca kwa shangazi yake akalime. Na nyie mnajua, msichana akishatolewa shule akapelekwa shamba, kinachofuata ni kuletwa posa. Nilijua, na bado nikaamua. Mke wangu akaniambia, "Mume wangu, unamzika mtoto mzima. Hivi umeshamwuliza hata mara moja ana nini?" Nikamwambia anyamaze.

Siku ya safari ikafika. Nguo zake zimefungwa, ziko kizingitini. Mie nimekaa barazani, nimemwandikia kombe la mwisho. Binti akaja, akapiga magoti, akaipokea sahani kwa mikono miwili. Hakunywa. Akawa anaitazama tu.

"Baba, nikuulize?"

"Uliza."

"Herufi nimezinywa nyingi sana. Mbona zikiingia hazikai? Au tumbo langu ndilo bovu?"

Jamani! Hakuwa ananidhihaki. Mtoto alikuwa anauliza kweli. Kumbe siku zote zile alikuwa anakunywa huku anaona kosa ni la tumbo lake!

Nikamwambia aiweke sahani chini, akae karibu nami. Nikamwuliza kile ambacho baba mwenye akili angeuliza miaka mitano nyuma. "Ukitazama kitabu, unaona nini?"

Akasema, "Naziona, baba. Naziona vizuri. Ila nikifika ya tatu, ile ya kwanza nimeshasahau inaitwaje. Kesho yake ni kama sijawahi kuziona. Wenzangu wakiziangalia zinasema. Mie zinaninyamazia."

"Na chuoni ulikuwa unafanyaje?"

"Nakaa wa tano. Wanne wakisoma kabla yangu, mie nimeshashika."

Ndugu zangu, siku moja mtoto huyu nilimchapa kwa sababu ya kuhamahama nafasi. Nilidhani ni utundu. Alikuwa anatafuta pa kujiokoa, na anayemwinda ni mie. Nililia pale barazani, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka mke wangu akatoka jikoni mbio akidhani kuna msiba.

Diaca hakwenda. Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe shuleni, chai sijanywa. Njia nzima nawaza nitaanzaje na yule mama niliyemtukana. Aliponiona akasema tu, "Karibu, mwalimu, kaa," kama vile jana tuliagana vizuri. Akanieleza polepole hiyo dislexia. Si ugonjwa wa macho. Si shetani, si uvivu, wala si ujinga. Mtoto anazaliwa hivyo, na mara nyingi kwenye ukoo hayuko peke yake. Kazi ya kufunga herufi na sauti yake, ambayo kwa wengine inakuja yenyewe, kwake inataka kufundishwa taratibu, kidogokidogo, tena na tena. Tatizo haliondoki, lakini kusoma anasoma.

Halafu akaniuliza swali moja. "Mwalimu, katika miaka yako yote ya kufundisha, wangapi walitoroka chuo?"

Nikaanza kuwakumbuka. Sura moja, ya pili, ya tatu. Yule aliyekuwa anaumwa kichwa kila ikifika zamu yake. Yule aliyeruka ua akaenda zake na hakurudi tena. Wengine wenu mmekaa humu ndani sasa hivi, mmekuja na watoto wenu. Nimewaona tangu naingia. Naomba mnisamehe. Sikujua, lakini kwa kutojua kwangu mliumia nyie.

Basi tukaanza upya. Profesora alinifundisha mie kwanza, na kuambiwa na mwanamke wa Mueda namna ya kufundisha kusoma, enh, mnaonijua mnajua ilivyoniwasha! Tukaweka mchanga kwenye sinia. Binti anaandika herufi kwa kidole, kubwa, huku anaitamka, anafuta, anaandika tena. Herufi tatu tu kwa wiki. Kwenye kitabu tunafunika ukurasa kwa kipande cha karatasi nene, unabaki wazi mstari mmoja. Na hasimamishwi kusoma mbele za watu bila kuambiwa tangu jana ni wapi, ajiandae.

Mtihani ulipokaribia, profesora akaomba asomewe maswali, ajibu kwa mdomo, na aongezewe muda. Diretori, mkuu wa shule, akakataa, akasema huo ni upendeleo. Yule mama akamwuliza, "Mwenye mguu mbovu utamnyang'anya mkongojo ili awe sawa na wenzake?" Diretori akacheka, akasema haya. Binti yangu yuko klasi ya sita sasa.

Na mwezi uliopita alinisomea mstari mmoja. Mmoja tu, ambao hakuwahi kuusikia kutoka kwa mtu yeyote, maana nilimchagulia mwenyewe kwa makusudi. Alichukua muda mrefu, chai yangu ikapoa. Alikosea mara tatu, nami nikauma midomo nisimsaidie. Alipofika mwisho alinitazama kama amejishtua mwenyewe. Mie nilishtuka kuliko yeye. Juzuu tano hazikunifurahisha hivyo.

Namshukuru profesora, ambaye nilimpa mgongo na yeye hakunipa wake. Namshukuru mke wangu, aliyenigombeza nikamnyamazisha, na ukweli ulikuwa kwake. Namshukuru mgeni wangu wa Mocímboa, aliyeona kila kitu na hakunifedhehesha mbele za watu. Na diretori, asante kwa kubadili neno lako.

Wazazi wenzangu, mtoto akishindwa kusoma, kabla hujamwita mvivu, kabla hujamtafutia mganga, kaa naye chini umwulize anaona nini. Muulize, kisha nyamaza, usikilize. Nasi walimu, wa chuo na wa shule, tukae pamoja kwa watoto hawa. Mimi sasa nakaa.

La mwisho. Jana usiku nilimwomba binti yangu ruhusa ya kuyasema haya. Alifikiri sana. Akasema, "Sawa, baba, sema. Ila usiwaambie nimepona. Waambie nasoma polepole. Waambie wanisubiri."

Hilo ndilo alilonituma kwenu.