Dada Unyoya Ashuka Kwenye Kreni

Baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya utumishi, mwendesha kreni wa ghala letu la mabomba, ambaye sote tunamwita Dada Unyoya, anastaafu Ijumaa hii. Umri wake wa kustaafu haujatimia. Ilikuwa imebaki miaka minne. Anaondoka kwa amri ya daktari. Mimi, mpiga ishara wake tangu siku yake ya kwanza juu, nimeombwa niandike wasifu huu.

Aliingia hapa kama mfagiaji. Wakati wa chakula, wenzake wakijinyoosha, yeye alisimama chini ya kreni akitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Mwaka wa tatu alimwambia msimamizi kwamba anataka kujifunza. Msimamizi alicheka. Miezi saba baadaye alifaulu mtihani, akawa mwanamke wa kwanza kupanda ngazi zile hamsini na nane hadi kwenye kibanda kinachoning'inia chini ya paa.

Jina la Unyoya alilipata kwa jinsi alivyotua mzigo. Tani tatu za chuma zilifika sakafuni bila kutimua vumbi. Siku moja meneja mmoja aliyempuuza aliacha kofia yake ya kazi mezani, kando ya kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Kulabu ya kreni ilishuka taratibu, ikainyakua kofia kwa mkanda, ikaenda kuitua juu ya kabati. Chai haikumwagika hata tone. Meneja alitafuta kofia nusu saa nzima, nasi tumetulia kama maji ya mtungi.

Mwaka wa ishirini na nne alishuka ngazi akishikilia kifua. “Kaka, humu ndani kuna kuku amefungwa kwenye gunia,” aliniambia, akacheka. Hospitalini kicheko kilimkauka. Moyo wake ulikuwa umepoteza mpangilio: unakimbia, unasita, unakimbia tena. Daktari alimweleza kwamba hatari kubwa ni damu kuganda ndani ya moyo, kisha kipande kisafiri hadi ubongoni.

Aliyakabili hayo kama alivyokabili kazi. Kidonge saa moja asubuhi, kingine saa moja jioni. Kahawa aliiacha, chumvi akaipunguza. Kila alipoamka aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akaandika kwenye daftari. Dawa ya kuzuia damu kuganda ilifanya jeraha dogo litoke damu muda mrefu, basi mumewe, fundi cherehani, akachukua kisu cha jikoni, akawa mkata vitunguu wa nyumba. Hospitalini walimshtua moyo kwa umeme, ukatengemaa. Tulifurahi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini kuku alirudi kwenye gunia.

Ofisini hakusema. Mimi nilijua, nikanyamaza pamoja naye kwa miezi kumi na minne. Wasomaji wanisamehe, hilo nalo ni sehemu ya wasifu.

Kisha ikaja asubuhi ile. Furushi la mabomba lilikuwa angani, wachomeleaji wawili wameinama chini yake. Mzigo ukasimama ghafla. Nilipiga ishara, hakuna jibu. Niliwafukuza wale wawili kwa kelele, nikabaki nikitazama kioo cha kibanda. Dakika sita. Mzigo ulianza kushuka, ukiyumba, ukatua kwa kishindo. Hatukuwahi kusikia kishindo kutoka kwenye kreni ile.

Alishuka, midomo imekuwa ya majivu, akaketi kwenye ngazi ya mwisho. Kizunguzungu kilikuwa kimemfumba macho, mkono ukiwa umeganda kwenye breki.

“Usiseme, kaka,” alinisihi. “Wakinitoa kule juu, nimekwisha.”

Alasiri nilikwenda ofisini nikasema.

Walimhamishia kwenye meza ya stoo, aandike vibali vya kutolea mizigo. Siku ya kwanza alinipita mlangoni, akasema neno moja tu: “Umenizika.” Hakunisemesha tena kwa miezi mitano. Juu yake kreni iliendelea kupita, ikiendeshwa na mtu mwingine, naye hakuinua macho hata mara moja.

Ambacho hatukujua, hata mumewe hakujua, ni kwamba aliacha dawa. Vidonge alivitupa kimoja kimoja, asubuhi na jioni, kwa saa zile zile za daktari. Kazi imekwenda, vidonge vya nini? Ndivyo alivyomjibu binti yake baadaye. Siku moja hapo stoo kalamu ilimponyoka, mdomo ukapinda upande. Kiharusi. Ameponea chupuchupu, lakini mkono wa kulia, ule wa breki, hauwezi sasa kufunga kifungo. Mumewe amemshonea magauni yote upya, yasiyo na vifungo.

Watu wananiambia niliokoa maisha ya wachomeleaji wawili. Huenda. Nikimtazama yeye, sijui niliokoa nini.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake kumuuliza niandike nini. Maneno yanamtoka kwa shida siku hizi. “Andika nilikuwa juu,” alisema. “Usiandike eti nimefurahi kupumzika.”

Basi naandika: hajafurahi. Dawa ameirudia, kwa sababu mumewe husimama mbele yake mpaka ameze. Moyo bado haujatulia, na daktari hajaahidi kwamba utatulia.

Dada Unyoya, kwa miaka yote uliyopitisha chuma juu ya vichwa vyetu, hakuna hata mmoja wetu aliyeumia. Sisi tunaorudi nyumbani jioni tukiwa wazima tunakushukuru. Tunakutakia siku njema, hata zile usizotaka kuamka. Meza dawa yako. Jumapili nitakuja kukuona, na Jumapili inayofuata pia, uwe umenisamehe au hujanisamehe.