Gari la Viti Viwili

Benchi letu lilikuwa kwenye kona ya Barabara ya Nane, Ngamiani, mbele ya duka langu la kushona, na mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Kila baada ya sala ya alasiri Safari muuza kahawa alitua hapo na jiko lake, dele juu ya makaa, vikombe vikilia mkononi, akatukuta tumeshakaa. Mimi wananiita Msumari, maana nikishakaa siondoki, hata mteja akija kudai suruali yake. Wa pili ni Uweso, tukimwita Tishari, kwa kuwa anafanya kazi kwenye matishari yanayotoa mizigo melini, na hakuna meli inayotia nanga Tanga asidai kwamba anaijua mpaka rangi ya chooni. Wa tatu ni Shekhe, na hilo ni jina la kuzaliwa, si la elimu. Huyo ndiye Redio: akisikia habari mkahawani huko mjini, hutuletea sisi ikiwa imeshanenepa. Wa nne ni Zebedayo, Mbondei wa karakana ya reli, yaani Spana. Na pale penye tofali hukaa Idarusi, mwenye minazi Mwera aliyoachiwa na marehemu babake. Huyo tulimpa jina la Viti Viwili.

Jina lilitokana na gari. Mwaka ule kabla Mfereji wa Suez haujafungwa, yaliletwa Tanga magari matatu ya mbio, mafupi, ya kijani, yenye paa la turubai la kukunjwa na viti viwili tu. Moja alichukua Mgiriki wa shamba la mkonge, moja daktari wa meno wa Kihindi, na moja Idarusi. Mtaa mzima ulitoka kulitazama. Hata mwezi halikumaliza, wakala wa magari akaja mwenyewe na uso wa kuhani matanga: kiwanda kimeyaita magari yote yarudi, kuna chuma cha usukani kimetengenezwa vibaya, kinaweza kukatika njiani. Tishari mwenyewe ndiye aliyelipeleka melini. Tangu hapo wale watatu walikuwa wakikutana barazani kwa wakala kila wiki kuuliza, mpaka wakawa marafiki wa kungoja.

Siku ninayoisema Shaabani ilikuwa inakwisha. Idarusi alikuja kutoka kwa wakala, kanzu imenyooka, kofia ya kiua kichwani, akakaa penye tofali lake.

Redio: Viti Viwili! Nyumbani hawajambo?

Idarusi: Hawajambo.

Na hapo ndipo mlango hufungwa. Kwetu mwanamume haulizi mke wa mwenziwe. Unauliza nyumbani, unaambiwa hawajambo, unakunywa kahawa yako. Tulikuwa tumemuuliza hivyo kila siku tangu mwaka jana, naye kajibu hivyo kila siku, na hakuna kati yetu aliyepata kumtazama usoni akijibu.

Tishari: Haya, tupe. Meli imepatikana?

Idarusi: Bado. Gari limekwisha tengenezwa zamani, liko bandarini Ulaya. Lakini mfereji ungali umefungwa, na meli zinazokubali kuzunguka kusini zimejaa.

Tishari: Si nilisema? Nilisema, mkanicheka!

Spana: Ulisema limezama.

Tishari: Nilisema lolote linawezekana.

Idarusi: Wakala anataka jibu. Ama niendelee kungoja, ama anirudishie changu tumalizane. Daktari wa meno keshajitoa, kanunua baiskeli. Mgiriki kanunua pikapu, hataki tena kusikia habari ya kijani. Nimebaki mimi peke yangu pale barazani. Leo hata kiti cha kukalia hawakunitolea.

Alisema hayo kwa kucheka, nasi tukacheka. Watu wa benchi hucheka kwanza.

Spana: Usijitoe, bwana. Mimi ni mtu wa chuma, nakwambia. Chuma cha Ulaya kimezaliwa kwenye baridi. Kimefika Tanga, kimepigwa na jua la hapa, kimelegea. Sasa wanakifundisha joto. Wanakiweka karibu na tanuri, leo kidogo, kesho kidogo. Kazi hiyo haitaki haraka.

Tishari: Ujinga mtupu. Wakishakifundisha joto, si kinapitishwa Kepu, kule ncha ya kusini ya Afrika? Unaijua Kepu wewe? Baharia mmoja kaniambia kule maji ni baridi mpaka mnyororo wa nanga unapungua urefu. Gari likipita kule litasinyaa. Viti Viwili, jiandae kupokea gari la kiti kimoja na nusu.

Redio: Nyote hamjui kitu. Habari yenyewe ni mafuta. Ulaya sasa petroli inagawiwa kwa kipimo, nimesikia kwa masikio yangu. Kiwanda kitalijaribuje gari bila petroli? Wamewaandika kazi wanaume, wanalisukuma kupanda mlima, kisha mmoja anaruka ndani linashuka lenyewe. Usukani ukishika, wanaandika sawa. Sasa fikiri, gari moja moja, mlima ule ule.

Spana: Wanaume wangapi?

Redio: Kijiji kizima! Na wake zao wanapika uji chini ya mlima.

Safari alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye makaa. Wakati huo huo basi la jioni likakata kona, matenga ya samaki juu ya paa, vumbi nyuma, na sisi sote kwa pamoja tukafunika vikombe kwa viganja. Tulifanya hivyo kila jioni, siku zote, bila kuinua kichwa. Lilipotulia vumbi, mtu mmoja mgeni alikuwa amesimama mbele yetu na kifurushi chake, anajikung'uta.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Karibu, karibu kahawa.

Alikaa ukingoni. Alisema anaitwa Manase, mtu wa Maramba, na kesho atapanda treni kwenda Korogwe kwa dada yake. Safari akampa kikombe na kipande cha kashata, nasi tukaendelea, tena kwa sauti kubwa zaidi, maana sasa tulikuwa na msikilizaji.

Tishari: Likija, mimi ndiye wa kwanza kukaa kiti cha pili. Nililishusha kwa mikono hii, nikalipakia kwa mikono hii.

Spana: Na atakayejua kama usukani umepona ni nani? Kiti changu hicho.

Redio: Mimi nimelitangaza gari hili mtaa mzima bila malipo. Halafu nikae nyuma? Nyuma kwenyewe hakuna!

Mimi nami nilitia mkono, sikubali kupitwa.

— Mwenye duka ni mimi. Lilikuwa likisimama kivulini kwangu. Mnajua lilivyokuwa linaacha mafuta mlangoni?

Redio: Basi mimi niwaambie jambo ambalo sikutaka kulisema. Mnafikiri liko bandarini? Liko barabarani! Kuna Mzungu mmoja huko analiendesha kila Jumapili. Anakunja turubai, anamweka mkewe kiti cha pili, mke amefunga kitambaa kichwani, wanakwenda ufukweni kula ndizi. Wakirudi wanalifuta vumbi, wakala anaambiwa meli hakuna.

Tulimgeukia Idarusi tuone atakavyocheka. Hakucheka. Alikiweka kikombe chini.

Idarusi: Kiti kile hakai mtu, Redio. Hata kwa porojo.

Manase, ambaye alikuwa akitazama huku na huku tangu kikombe cha kwanza, akadhani ni zamu yake.

Manase: Samahani, wazee wangu. Nimesikia gari, nimesikia meli, nimesikia mlima. Gari lenyewe ni la kwendea wapi?

Tulikuwa tumelizungumza gari lile mwaka karibu mzima, na swali hilo halikupata kuketi kwenye benchi letu.

Idarusi: La kwendea Moa.

Manase: Moa kuna nini?

Kwetu hapo mtu angenyamaza. Lakini huyu alikuwa mtu wa Maramba, anauliza kama anavyoulizwa kwao, uso wazi, hana ubaya. Labda ndiyo maana Idarusi akamjibu yeye, akitupa sisi bega.

Idarusi: Mke wangu.

Tishari alianza kukohoa akaacha.

Idarusi: Mama yake aliugua, akaniomba nimpeleke. Nikamwambia ngoja gari lirudi, tutakwenda wawili, utakaa kama malkia. Akangoja. Akaniuliza tena, nikamwambia ngoja. Siku moja nimerudi kutoka Mwera, nimekuta kafunga kanga zake kaondoka. Nikampelekea salamu: kaa huko huko, nitakuja kukuchukua na gari. Wakwe zangu wote wakaambiwa. Mwanzo alikuwa akinirudishia salamu kwa watu wa samaki. Sasa hata salamu haziji. Mama yake alikwisha pona zamani. Na mwezi unaandama juma lijalo. Mwaka huu sitaki kufuturu peke yangu, bwana mgeni. Naogopa.

Alisema naogopa, hivyo hivyo, mtu mzima mwenye minazi. Nami nilikuwa na uzi mkononi, nikawa nauzungusha kidoleni kwa sababu sikujua pa kuyaweka macho yangu.

Manase alifikiri sana. Alionekana anataka kumsaidia kwa moyo wote.

Manase: Lakini mzee, hili basi nililoshuka sasa hivi, si ndilo linalotoka Moa?

Redio alitazama dele. Spana alichunguza kucha zake. Tishari, ambaye anajua kila chombo kiendacho kila mahali, alikuwa akitazama kona ya barabara kana kwamba ndiyo kwanza imechimbwa. Vumbi la basi lilikuwa lingali juu ya magoti yetu.

Manase: Nimekosea?

Idarusi: Hukukosea.

Akainuka, akamlipia mgeni kahawa yake, akaenda zake. Hakwenda upande wa wakala.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafungua duka basi lilipokata kona. Idarusi alikuwa dirishani, kanzu nyeupe, pakiti ya halua mapajani, amebanwa na mama mmoja mwenye kapu la kuku. Nilimpungia mkono. Sidhani aliniona.

Alasiri tulikaa mapema. Hatukuzungumza gari. Spana alianza habari ya injini iliyoacha reli, hakuimaliza. Safari akamimina, tukanywa, akamimina tena, na kila mmoja wetu alijifanya hatazami kona. Nilikuwa nimeuhamisha mguu wa benchi kwenye tofali jingine, zuri zaidi. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Basi lilikuja. Siku hiyo hakuna aliyefunika kikombe. Alishuka peke yake.

Alikaa penye nafasi yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Safari akampa kahawa bila kuulizwa. Idarusi akanywa nusu, kisha akasema mwenyewe.

Idarusi: Nimemkuta uani anaanika dagaa. Kaniamkia vizuri. Akaniuliza, gari limefika? Nikamwambia sikuja na gari, nimekuja na basi. Akaacha kuanika, akanitazama. Akasema, kumbe basi ulikuwa unalijua.

Tishari: Halafu?

Idarusi: Halafu akaendelea kuanika.

Tishari: Hukumwambia kitu?

Idarusi: Nilimwita jina lake. Mboni, nikasema. Hakugeuka. Nikakaa mpaka basi likapiga honi. Halua nimemwachia mama yake.

Mboni. Jirani yetu miaka yote hiyo, na ndiyo kwanza nalisikia jina lake.

Redio alikuwa amekaa karibu naye kuliko sisi. Nilimwona anahangaika, anatafuta la kumliwaza, kichwa kimejaa habari za dunia nzima na hakuna hata moja ya kufaa. Basi ulimi wake ukamtoroka ukaenda pale ulipozoea kwenda.

Redio: Na nyumbani... nyumbani hawajambo?

Nilitaka kumpiga na mkasi. Lakini Idarusi alimgeukia taratibu, kama mtu aliyelingojea swali hilo kwa muda mrefu.

Idarusi: Nyumbani hakuna mtu, Redio.

Kila salamu tuliyofundishwa na wazee wetu ina jibu lake, na jibu lina jibu lake. Hilo hakuna aliyetufundisha mtu ajibu nini. Safari aliinamisha dele kwenye kikombe cha Idarusi, yakatoka machicha, kisha hata machicha yakakoma.

Safari: Kahawa imekwisha, jamani.

Kahawa ikiisha ndiyo amri ya kuondoka, siku zote. Spana alishika kofia yake. Idarusi akatutazama, mmoja mmoja.

Idarusi: Mnakwenda?

Spana akairudisha kofia gotini. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu, taa za chemli zikaanza kuwashwa majumbani, upande ule na upande huu wa barabara, isipokuwa nyumba moja.

— Hatwendi, nikasema.