Inua Mikono, Wifi

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Mama Muuguzi Mkuu, madaktari na wauguzi, ndugu zangu wa maabara, wa jikoni, wa kufulia na wa getini, wageni waalikwa, kwaya ya wafanyakazi mliojipanga pale ukutani, mume wangu, ambaye leo amevaa tai bila kulazimishwa, na wewe wifi yangu wa mstari wa mbele, uliyekunja mikono ukinitazama kama mwalimu wa zamu: nawasalimuni nyote kwa heshima na kwa upendo.

Nimeambiwa anayestaafu hupewa dakika kumi. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeshona mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa katika chumba kile cha nyuma, na sikumbuki mtu aliyewahi kunipa dakika kumi za kusema bila kuniletea shuka lililochanika. Basi leo nazitumia zote.

Nitasema habari za matiti na sidiria. Naona akina baba pale nyuma mmeanza kukagua viatu vyenu. Kagueni tu, lakini masikio yaacheni huku, maana nani kati yenu hana mama, hana dada, hana mke wala binti? Habari yenyewe ni ya wifi yangu, na nimemwomba ruhusa. Amenipa kwa sharti moja. Ameniambia, "Sema yote, ila usilie." Kwa nini sharti likawa hilo, mtaelewa.

Miaka kumi na miwili iliyopita, wifi, dada mkubwa wa mume wangu, aliondolewa titi la kushoto katika hospitali hii hii. Upasuaji ulikwenda vizuri, na saratani, tunamshukuru Mungu, haijarudi. Sisi wawili, niseme ukweli, hatukuwa mawifi wa kukumbatiana. Yeye ni mtu wa amri. Ameiongoza kwaya hii tangu alipokuwa karani wa mapokezi, na hata nyumbani kwake unasubiri ishara ya mkono wake ndipo uanze kula. Mimi ni mtu wa machozi ya karibu. Lakini siku aliporuhusiwa kutoka wodini nilijiambia, fundi hapa ni mimi, nitamshonea kitu.

Nikamshonea titi la bandia kwa kitambaa laini cha kung'aa, nikalijaza pamba, kipimo nikakikadiria kwa macho. Nikamnunulia na sidiria. Ndugu zangu, ile sidiria ilikuwa nzuri! Ilikuwa na lesi mbele, kamba nyembamba za begani, na waya chini ya kila kikombe. Niliona mtu mwenye huzuni anahitaji kitu kizuri. Yeye mwenyewe sikumuuliza lolote.

Alivaa, akanishukuru, akaenda mazoezi ya kwaya mara moja tu. Baada ya hapo akajifungia ndani. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na kwaya ikawa inaimba bila kiongozi, yaani kila mtu alikuwa anamaliza wimbo kwa wakati wake.

Tukaanza kumliwaza. Wanakwaya mlikwenda mkamwimbia sebuleni, na yeye akawasikiliza mikono ikiwa mapajani. Majirani walikwenda. Mume wangu alikwenda na maneno ya faraja aliyoyaandika kwenye karatasi, akasahau miwani, akarudi na karatasi yake vile vile. Wote tulisema neno moja: jipe moyo. Tukitoka nje tunanong'onezana getini kwamba dada amekata tamaa, dada hawezi tena kusimama mbele za watu. Na mimi nilikuwa wa kwanza kunong'ona.

Asubuhi moja nikamkuta uani anaanika nguo. Alikuwa anaanika kwa mkono mmoja. Kiwiko cha kushoto amekibana ubavuni, kibanio cha nguo kiko mdomoni, na shuka lililolowa linamshinda nguvu.

Nikamuuliza, "Wifi, mkono unauma?"

"Mkono hauumi."

"Sasa mbona umeubana hivyo?"

Akatoa kile kibanio mdomoni. "Nikiinua mkono, hili dude lako linapanda. Siku ile ya mazoezi, ubeti wa pili tu, lilikuwa limeshafika hapa." Akaonyesha mfupa wa bega. "Kwaya nzima wakawa wananitazama usoni kwa adabu. Wale hawajawahi kunitazama usoni, wanatazama vitabu vyao. Nikajua wameona. Na huo waya wako unanichoma kwenye kovu tangu asubuhi mpaka jioni."

Nikasema, "Wifi, kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia," akasema. "Na mimi nilikuwa sina nguvu za kukubembeleza wewe."

Akaendelea kuanika. Kisha, bila kunigeukia, akasema, "Mmekuja wote kuuliza habari za moyo wangu. Moyo wangu ni mzima. Hakuna aliyeuliza habari za sidiria."

Ndugu wageni waalikwa, nimekuwa na maneno hayo kwa miaka kumi na miwili. Ni mara ngapi tunamwonea mtu huruma mpaka tunasahau kumuuliza panapomuuma? Ni mara ngapi tunampa mgonjwa kitu kinachotupendeza sisi, halafu yeye anabaki na kazi ya kutushukuru? Nilimwonea aibu wifi yangu siku ile, na aibu ile ilinisaidia kuliko sifa zote mlizonipa leo.

Nilirudi kazini nikaazima mzani jikoni. Mpishi Mkuu, nilikudanganya kwamba napima wanga wa kupigia pasi. Nisamehe, na mzani niliusugua kwa sabuni kabla ya kuurudisha. Nilipoweka juu yake titi langu la pamba, mshale haukujisumbua hata kutikisika. Wifi alikuwa amebeba uzito upande mmoja, na upande wa pili hana kitu. Wiki za kwanza, kovu likiwa bichi, wepesi ule ulikuwa sawa. Lakini kovu lilipokauka, wepesi huo huo ndio uliofanya bega limwiname, na sidiria ikawa inapanda upande usio na kitu cha kuishikilia.

Mama Muuguzi Mkuu, wakati huo ulikuwa sista wa wodi. Wewe ndiye uliyeyatafuta matiti ya silikoni, ukayaleta chumbani kwangu ndani ya kikapu cha mashuka, umeyafunika taulo, ukapita katikati ya madaktari wote ukiwasalimia. Ukalikagua kovu, ukasema limepona vya kutosha kubeba uzito. Mimi nilikuwa nimeshona sidiria nyingine: mkanda mpana chini, kamba pana begani, kitambaa cha pamba, vikombe vinavyofunika mpaka juu, na ndani yake mfuko wa kulishika titi lisiende matembezini. Waya hakuna. Lesi hakuna.

Nikamsimamisha wifi mbele ya kioo. Akasema, "Kigeuze hicho. Mimi siimbishi kioo." Nikakigeuza. Akavaa titi la kwanza, akainua mikono, akaanza kuongoza wimbo ambao haukuwepo. Mle ndani hakuna sauti, ni yeye na mikono yake. Mstari wa kwanza akasimama. "Zito. Linanivuta." La pili likawa dogo, mfuko ukabaki na mikunjo. La tatu lilikuwa la baridi akashtuka, nikalikumbatia kidogo kulipasha joto, sista akacheka mpaka akakaa kwenye rundo la mapazia. La nne akaanza ubeti wa kwanza, akaenda wa pili, akaenda kiitikio. Mikono ilipanda mpaka juu kabisa ya kichwa chake, na kifua kikabaki mahali pake. Nikajua tumefika, kwa sababu alikuwa ametusahau. Halafu akafumbua macho akanikaripia, "Sogea, unawaziba wa sauti ya tatu."

Tangu siku ile, kila mwanamke aliyeondolewa titi anayekuja chumbani kwangu namuuliza kwanza: mama, unafanya kazi gani? Kisha nasema, nionyeshe. Mwalimu ameandika kwa chaki juu kabisa ya ukuta wangu. Mfagiaji amepiga deki sakafu yangu, nami nikafaidika. Bibi mmoja aliniambia kazi yake ni kumbeba mjukuu, ikabidi tumbebeshe mto. Na dada mmoja alijaribu yote, akayarudisha mezani, akasema, "Fundi, mimi sitaki hata moja. Nataka fulana laini na blauzi inayokaa vizuri." Nikamshonea blauzi. Aliondoka na kifua chake kama kilivyo, anapiga mluzi, na ile pia ni kazi iliyokamilika.

Daktari wetu wa upasuaji, nakuheshimu mno. Ila ukimaliza uzi wa mwisho huwa unasema, "Tayari." Baba, bado. Mama yule atataka kuanika nguo zake. Mheshimiwa Mganga Mkuu, naomba kile chumba kibaki, na mlango wake upate kitasa kinachofunga, maana kwa miaka yote hii tumeufunga kwa kuuwekea cherehani.

Na wewe mwanangu, fundi mpya unayeanza Jumatatu, futi yangu ya kupimia ni yako. Nakuachia na maneno mawili tu. Uliza kabla ya kupima. Na kama machozi yatakujia, yasubirishe, kwa sababu aliyekuja kwako ana mzigo wake, usimwongezee wa kukubembeleza wewe.

Mume wangu, asante kwa chai za miaka yote. Wafanyakazi wenzangu, asanteni kwa kila shuka mlilochana. Wifi, asante kwa kunisema uani. Usingenisema, ningestaafu leo nikiwa fundi wa lesi.

Nimefika mwisho na sijalia. Kwaya imesimama, naomba nawe usimame mbele yao. Mimi nitakaa pale pembeni, na mnisamehe, wenzangu mtakuwa mnasikiliza wimbo, mimi macho yangu yatakuwa kwenye bega la kushoto.

Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Hotuba yangu imekwisha, na sharti lilikuwa la hotuba tu. Inua mikono, wifi, nilie.